Siyo kila "sorry" ni kuomba radhi

Ndugu Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua na naomba msinikate katikati maana mkikata hapo hoja yangu itabaki kichwa bila miguu. Nina jambo moja tu, neno la Kiingereza "sorry" na namna mnavyolitafsiri kwenye habari za nje na za michezo. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti nalisoma kuanzia mbele mpaka matangazo ya minada, na nimeona kwenu na kwa wenzenu pia kwamba mtu yeyote duniani akishatamka "sorry" basi keshaomba radhi. Awe waziri, awe mcheza filamu, awe nani, kichwa cha habari ni kilekile, fulani aomba radhi.

Hivi karibuni kuna kocha wa huko Ulaya aliulizwa kuhusu mchezaji wake aliyeumia goti, akasema "I feel sorry for him", nyie mkaandika kocha amwomba radhi mchezaji. Pale kijiweni kwetu mjadala uliwaka asubuhi nzima, watu wanaulizana alimfanyia nini, mmoja akasema bila shaka alimchezesha na sindano za maumivu, mwingine akawa na ushahidi kabisa sijui kautoa wapi, na kahawa zikanyweka kweli kweli. Kumbe mzee wa watu alikuwa anasema anamwonea huruma kijana, basi. Hakuna aliyemkosea mtu.

Mimi nimekaa mapokezi ya hoteli hapa Arusha miaka mingi kabla sijafungua steshenari, na siku hizi pamoja na kutoa kopi natafsiri vyeti, barua za mirathi, barua za watu wenye ndugu nje, kwa hiyo neno hili nimelishika kwa mikono. Shida yake ni kwamba wenyewe wamelibebesha kazi nyingi mno, liko kama yule fundi wa mtaani anayepiga bomba, anafunga umeme, anabandika vigae na akimaliza anakupakia rangi. Sisi kazi hizo tumezigawa. Mtu kafiwa, pole. Nimekukanyaga kwenye daladala, samahani. Nimekukosea kweli kweli na nataka yaishe, nakuomba radhi au nisamehe. Nimefanya jambo na sasa linanirudi mwenyewe, najuta. Nakuona unateseka, nakuhurumia. Ofisi ina habari mbaya ya kukupa, "tunasikitika kukuarifu". Unataka kupita na mzigo, pisha pisha, au simile kama uko pwani. Mwingereza kwa yote hayo anatoa "sorry" moja, afu anaiachia sauti yake na mazingira yamalizie kazi.

Na hayo siyo yote. Mtu hajakusikia kwenye simu anasema "sorry?" sauti ikipanda mwishoni, hapo hajaomba kitu, anasema sijakupata rudia tena. Amekosea kutaja siku, "tukutane Jumanne, sorry, Jumatano", hiyo ni sawa na sisi tunaposema "aah, namaanisha". Mlango wa duka umeandikwa "sorry, we're closed", maana yake tumefunga, ile ya mbele ni adabu tu ya kufungia mlango usoni mwa mtu. Anayeanza na "I'm sorry, but" ujue anakuja kubishana, ni ndugu moja na yule wa kwetu anayeanza "samahani lakini mi nitasema ukweli". Na "you'll be sorry" ni tishio kavu kabisa, utajuta, utanitambua, utaona cha mtema kuni, sa mtu akitafsiri "utaomba msamaha" anakuwa kamfanya mgomvi awe padri. Nyumba iliyobomoka paa au timu inayofungwa kila wiki wanasema iko "in a sorry state", hapo neno limeshaachana kabisa na mdomo wa mtu limekuwa sifa ya kitu kilichochakaa. "Better safe than sorry" tunayo ya kwetu tayari, tahadhari kabla ya hatari, wala hakuna radhi ya mtu humo ndani.

Kwa haki niseme hata sisi "samahani" tumeanza kuichosha. Unapiga simu unaambiwa samahani namba unayopiga haipatikani kwa sasa, mkosaji pale ni nani sijui, mtandao, mwenye simu, au mimi niliyepiga.

Turudi hotelini maana huko ndo utaliona neno hili likifanya vituko. Kuna mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, alikuwa anakunywa chai verandani, akageuka kuangalia tumbili waliokuwa wanarukaruka kwenye bustani, kiwiko kikapiga birika, chai ikamwagika mezani na kwenye sketi. Dada wa huduma akakimbia na taulo, "sorry mama, oh sorry, sorry sana". Yule mama akamwambia kwa upole kabisa "why are you sorry, you didn't do it", yani mbona unaomba radhi na siyo wewe uliyemwaga. Dada akadhani mgeni hajasikia vizuri, akaongeza, "yes mama, sorry". Wakaendelea hivyo hivyo, mmoja anakataa kuombwa radhi, mwingine anazidi kumpa pole, mpaka dada akaja kaunta kanuna ananiambia kaka yule bibi ana roho ngumu, mtu unampa pole anakurudishia.

Hiyo tulicheka. Ambayo hatukucheka ni ya mgeni mwingine, mwanaume, aliyejikwaa kwenye ngazi ya bwawa la kuogelea akachubuka ugoko. Si unajua tulivyo, kila mfanyakazi aliyepita alimwambia sorry, mlinzi sorry, mtunza bustani sorry, mpishi kaacha sufuria jikoni katoka kuja kusema sorry. Siku ya kuondoka bwana yule anakataa kulipa bili yote, anasema ngazi yenu ni mbovu na wafanyakazi wenu wote wamekiri. Wamekiri! Meneja akampunguzia yaishe, afu jioni akabandika tangazo kwenye ubao wa wafanyakazi kwamba ni marufuku kumwambia mgeni "sorry" kama siyo sisi tuliokosea, badala yake uliza "are you alright?"

Ugomvi ulianzia hapo. Wazee wa bustani walikataa katakata, wakasema mtu ameanguka mbele yangu, damu naiona, afu nimuulize uko sawa? Kwao lile swali lilikuwa kejeli. Mmoja akasema neno ambalo sijalisahau, kwamba ukimwona mtu anaanguka na usipompa pole, watu watasema wewe ndo uliyemtegea jiwe. Na ndivyo ilivyo kwetu Mhariri, pole haimaanishi nimekosa, inamaanisha mimi simo kwenye ubaya uliokupata na niko upande wako. Kwa yule mgeni ilikuwa kinyume chake, aliyesema "sorry" ndo kajiingiza kwenye kesi. Tangazo lilibaki ubaoni mpaka jua likalifubaza na watu waliendelea kusema sorry kama kawaida, tena wengine walikuwa wanaangalia kwanza kama meneja yuko karibu.

Wala siyo sisi wa Arusha peke yetu. Kenya na Uganda ni hivyo hivyo, na Nigeria na Ghana nako mtu akijikwaa barabarani anaambiwa sorry na watu asiowajua, wataalamu wa lugha walishaliandika hili kama tabia ya Kiingereza cha Kiafrika. Kuna walimu wanaoliita kosa. Mi sikubaliani nao, kwa sababu Mwingereza huyohuyo akisikia umefiwa anakwambia "I'm sorry for your loss" na hajakuulia mtu. Kwa hiyo pole iko ndani ya lile neno tangu zamani, ila wao wameiwekea mipaka, wanaitoa kwenye msiba, ugonjwa, kufukuzwa kazi, mambo mazito mazito, na mara nyingi wanaifungia kwenye sentensi nzima kama "I'm sorry to hear that". Sisi tunaitoa hata kwa mtu aliyepaliwa na maji, na kwa mtu aliyetoka kazini mzima wa afya, pole na kazi, pole na safari, pole na foleni. Tumechukua neno lao tukalipa ratiba yetu.

Na ukichimba asili yake utashangaa, maana dada wa huduma yuko karibu na chimbuko kuliko bibi wa chai. Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kilikuwa na neno "sarig", limetokana na "sar", maumivu au kidonda, ambalo mpaka leo liko kama "sore", mtu akiwa na koo linalouma utamsikia anasema "sore throat". Kwa hiyo "sorry" ya kwanza kabisa ilikuwa mtu mwenye kuumia, mwenye uchungu moyoni. Mambo ya kuomba radhi yamekuja baadaye, kwamba nilichokufanyia kinaniuma na mimi. Wengi wanadhani limezaliwa na "sorrow", huzuni, kwa vile yanafanana sura, lakini "sorrow" lina ukoo wake mwingine, "sorg", yamekaa jirani karne nyingi mpaka yakaanza kufanana, kama wanavyosema mume na mke.

Leo wenyewe wanalimwaga hata pasipo na uchungu wowote. Yupo mwanaanthropolojia wa Uingereza anaitwa Kate Fox, huyu alifanya utafiti wa kuchekesha, alikuwa anawagonga watu makusudi kwenye vituo vya treni na maduka yenye msongamano anajifanya bahati mbaya, akakuta kama asilimia 80 ya Waingereza aliowagonga ndio waliosema "sorry" wao. Aliyegongwa anaomba radhi! Dada yangu mmoja yuko huko anatunza wazee, anasema mwanzoni alikuwa akikanyagwa kwenye basi anabaki anasubiri aambiwe samahani, siku hizi anawahi yeye kusema maana asiposema wanamwangalia. Sa hiyo "sorry" ya kwenye basi utaitafsirije? Siyo radhi na siyo pole. Mi naona ni kelele tu ya adabu, kama mtu anavyokohoa kidogo kabla hajaingia uani.

Kwenye tafsiri ndo panauma. Mkitaka kuona neno hili linavyochinjwa angalieni maandishi ya Kiswahili chini ya filamu, hasa yale yanayotolewa na mashine. Daktari anatoka chumba cha upasuaji, anavua kofia, anamwambia mke wa mgonjwa "I'm sorry", chini imeandikwa "samahani". Mama anaanza kulia na wewe mtazamaji wa kwetu unajiuliza daktari kafanya nini, kasahau mkasi tumboni? Mtu anasema "don't feel sorry for me", chini inakuja "usijisikie samahani kwangu", Kiswahili cha wapi hicho jamani. Wakati wale wanaotafsiri filamu kwa mdomo, wale wa kwenye vibanda umiza tunaowacheka kwamba wanaongeza chumvi, hapo hapo walikuwa wanasema "mama pole sana, jikaze, mgonjwa wako hatunaye tena". Hakusema hivyo daktari neno kwa neno, lakini ndicho alichosema. Wale jamaa wengine hawakufika mbali kishule ila walikuwa wanaangalia sura ya anayeongea, na mashine haiangalii sura.

Filamu tuiache, mtu akikosea anakosa kulia tu. Huku kwenye siasa neno hili limewahi kushika roho za watu. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya upelelezi ya Marekani iligongana angani na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan, rubani wa Kichina Wang Wei akapotea baharini, ndege ya Marekani ikatua Hainan bila ruhusa na watu wake 24 wakashikiliwa. China ikasema hawatoki mpaka Marekani iombe radhi. Marekani ikasema haina kosa na haiombi. Wakavutana siku 11, mwisho ikaandikwa barua ya balozi wa Marekani iliyosema "very sorry" mara mbili, moja kwa watu wa China na familia ya rubani kwa msiba, ya pili kwa ndege kuingia na kutua bila kibali cha mdomo. Wachina wakaipeleka kwa wananchi wao kwa maneno yanayokaribia kuomba radhi, Wamarekani wakawaambia wananchi wao hatujaomba radhi, tumetoa pole. Kila mmoja akarudi nyumbani ameshinda na watu 24 wakaachiwa. Mi huwa nasema waliokaa kuchagua lile neno walistahili nishani, walichukua neno lenye milango miwili na kila upande ukatokea mlango wake.

Australia ilikuwa kinyume, huko neno lilikuwa na mlango mmoja tu na hakuna aliyetaka kupita. Serikali zao miaka mingi ziliwachukua watoto wa wenyeji, Waaborijini, kwa nguvu kutoka kwa wazazi wao, na ripoti kubwa ya mwaka 1997 ikaeleza yote. Watu wakataka serikali iseme "sorry". Waziri Mkuu John Howard akakataa neno hilo, mwaka 1999 akapeleka bungeni azimio la kusema wanasikitika kwa dhati, "deep and sincere regret", neno lenyewe hakulitia. Ikafika mwaka 2000 watu kama 250,000 wakaandamana kwa miguu juu ya daraja la bandari ya Sydney na ndege ikaandika SORRY kwa moshi angani. Limekuja kutamkwa bungeni tarehe 13 Februari 2008 na Kevin Rudd, na watu wazima walilia kwenye viti. Mkumbuke hapo kwamba kwa Kiingereza cha wenyeji wale wa Australia "sorry business" ni mambo ya msiba, matanga na maombolezo, kwa hiyo wao "sorry" waliyokuwa wanaidai ilibeba radhi na pole zote mbili kwa mpigo, ndo maana "regret" haikuwashibisha.

Sasa nije kwetu, maana hapa ndipo naomba mnisikilize kuliko kote. Mwaka 2023 hotuba mbili zilipishana siku moja tu. Tarehe 31 Oktoba Mfalme Charles alikuwa Nairobi, kwenye dhifa ya Ikulu akazungumzia waliyofanyiwa Wakenya wakati wa kudai uhuru, akasema maovu yale yanamletea "the greatest sorrow and the deepest regret", huzuni kubwa na masikitiko makubwa, na kwamba hayana kisingizio. Hakusema "I apologise". Hata "sorry" hakuitamka. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imemtaka aombe msamaha waziwazi na hakuomba. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier akasimama Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, mbele ya wajukuu wa Nduna Songea Mbano aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akasema anaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowafanyia mababu zenu. Huyu aliomba. Wazi kabisa, na akasema anaona aibu.

Lakini mpaka leo ukikaa kijiweni utamkuta mtu anakuapia kwamba wote wawili waliomba msamaha, na ukimbishia anakwambia nilisoma. Hiyo siyo tofauti ndogo. Anayeomba msamaha ameweka mambo mkononi mwako, wewe sasa ndo wa kusamehe au kukataa, na unaweza ukamuuliza fidia iko wapi, mafuvu ya babu zetu yako wapi. Anayesikitika hajakuachia kitu mkononi. Anasikitika, kama unavyosikitika wewe mvua ikinyesha siku ya harusi. Waingereza wanalijua hili vizuri sana, tarehe 6 Juni 2013 waziri wao wa mambo ya nje William Hague aliposoma taarifa bungeni kwao kuhusu wazee wa Mau Mau alisema serikali "sincerely regrets", wakalipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 pamoja na gharama za kesi, na katika taarifa hiyohiyo akasema bado wanakataa kuwajibika kisheria kwa vitendo vya serikali ya kikoloni. Wamelipa, wamesikitika, wamekataa. Mwandishi akifupisha yote hayo kuwa "Uingereza yaomba radhi" amewapa kitu ambacho wao wenyewe waliwalipa wanasheria ili wasikitoe.

Maana kwao neno likitoka mdomoni linaweza kufika mahakamani, yule bwana wa bwawa la kuogelea hakuwa kichaa. Mpaka imebidi watunge sheria za kulipunguza makali. Jimbo la Massachusetts kule Marekani lilitunga yake mwaka 1986, kwamba maneno ya kumpa mtu pole baada ya ajali yasitumike kama ushahidi wa kukiri. Uingereza ina sheria ya fidia ya mwaka 2006 inayosema kuomba radhi peke yake siyo kukubali uzembe. Kanada nako, British Columbia ilianza mwaka huohuo 2006 na Ontario ikafuata 2009. Fikiria bunge zima linakaa kujadili ili dereva aweze kumwambia mama wa mtoto aliyegongwa neno la ubinadamu bila kuogopa wakili. Wale wazee wa bustani wangesikia hilo wangecheka mpaka wakae chini.

Na viongozi na mastaa wao wamejifunza kulikwepa kwa ujanja, sikilizeni neno linalofuata baada yake. "Sorry for what I did" hiyo ni radhi, mtu kataja tendo lake. "Sorry to hear" ni pole. "Sorry for him" ni huruma. "Sorry that this happened", hapo jambo limetokea lenyewe tu kama radi, hamna mtu aliyelifanya. Na ile mbaya kuliko zote ni "sorry if anyone was offended", ambayo naona imeshafika na huku kwetu, utasikia msanii anasema kama kuna niliyemkwaza naomba aniwie radhi. Kama! Watu laki wamekuandikia kwamba umewatukana bado unasema kama.

Ombi langu kwa mtafsiri wenu ni dogo. Akikutana na neno hili asikimbilie radhi, aulize kwanza nani kamkosea nani. Akiona hakuna aliyekosa basi ni pole au huruma au masikitiko, Kiswahili kina maneno ya kutosha hatuazimi. Na ikitokea mkubwa fulani kasema sentensi ambayo makusudi haieleweki upande gani, basi msimsaidie, andikeni maneno yake kama yalivyo na mtuambie kwamba hakutaja kosa wala hakuomba kusamehewa, sisi wenyewe tutamalizia. Habari ya yule kocha nayo mngeisahihisha hata kwa mistari miwili, kuna vijana hapa mtaani mpaka leo wanamchukia bure.

Lipo na hilo "regret" ambalo nimelipitia juu juu, wengine wanaliandika kujuta na wengine kusikitika, na kati ya hayo mawili kuna umbali kama wa hapa na Tanga, lakini najua nafasi yenu ni ndogo na nimeshaimaliza. Mkinichapa hii nitaandika hilo.

Wasalaam,
Msomaji wenu,
Arusha.